Mashine Iliyoamka Ikaita, Hakuna Aliyeitika



Aliyewahi kukaa katika saiba ya hapa Garissa mjini huenda ameliona jambo hili. Unawasha kompyuta, unangoja, kisha badala ya picha uliyoizoea kioo kinabaki cheusi, na juu yake mistari michache ya maandishi meupe. Ndani ya mistari hiyo mna herufi tatu, P, X na E, halafu namba, halafu maneno kwamba hakuna jibu lililopokelewa. Mwenye saiba anakuja, anatazama, anatikisa kichwa. "Hii imekufa." Mashine inasukumwa pembeni, inafunikwa leso, na mwaka ukipita inauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Leo nimekuja kuitetea mashine hiyo. Kilichokufa ni diski yake tu. Yenyewe imeamka salama, imetafuta kifuani mwake haikupata kitu, ikageukia waya wa mtandao na kuita: jamani, kuna yeyote huko wa kunipa jina na kuniambia nifanye kazi gani? Hayo maandishi meupe ni taarifa kwamba iliita na hakuna aliyeitika. Mafundi huzitamka zile herufi tatu "piksi", na ndizo zitakazotushughulisha jioni hii, kwa sababu naamini zinaweza kuzipa shule za Kaskazini Mashariki maabara za kompyuta zinazodumu. Ila kuna sharti moja ambalo wanunuzi wetu hawaliulizi kamwe.

Kwanza niondoe neno moja njiani. Siku hizi mtu akisema "mtandao" sote tunafikiri intaneti, na mwalimu wa Mandera anayesikiliza atasema haya hayamhusu kwa kuwa kwake intaneti ni ya kubahatisha. Mtandao ninaouzungumzia ni waya za ndani ya darasa: kompyuta za wanafunzi, kisanduku cha swichi kinachoziunganisha, na kompyuta moja kubwa pembeni iitwayo seva. Hata mnara wa simu ukianguka, hayo yanaendelea kufanya kazi.

Sasa tuirudie ile mashine inayoamka. Kompyuta ikipata stima huwa haijui kitu. Haijui Windows, haijui Linux, haijui hata kwamba ina kibodi. Inacho kipande kidogo cha maarifa kilichoandikwa na kiwanda katika chipu kwenye ubao wake mkuu. Maarifa hayo huitwa famwea. Kazi yake ni kuziamsha sehemu za mashine moja baada ya nyingine, kisha kuamua mfumo wa kuendesha kazi utatoka wapi: kwenye diski, kwenye flashi, au kwa jirani kupitia waya. Famwea ikiwa haikufundishwa njia hiyo ya tatu, au imefundishwa ikafungiwa, mashine hiyo haitaita kamwe hata uwe na seva nzuri namna gani.

Wafugaji mtanielewa upesi kuliko wengine. Mwaka wa 1996 Shirika la Maktaba za Kitaifa lilianzisha hapa Garissa maktaba ya ngamia, likianza na ngamia watatu. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, takriban vitabu mia nne, mwingine hubeba hema, na msafara huzifikia shule na jamii zisizofikiwa na maktaba ya mjini. Vitabu vinakaa mahali pamoja, vinatunzwa na mtu mmoja anayevijua, na vinamfikia msomaji pale alipo. Seva ya darasani hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini muulizeni yeyote aliyewahi kupakia: ngamia ana nguvu za kubeba maktaba nzima, na asipofunzwa kupiga magoti huwezi kumfunga hata sanduku moja. Kupiga magoti huko ndiko famwea. Nguvu za kompyuta, ukubwa wa kumbukumbu yake, kioo chake kipana, vyote huja baada ya hapo.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo 1985 watu wawili, Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa kampuni ya Sun Microsystems, waliandika utaratibu wa namna mashine isiyo na diski inavyoweza kuita mtandaoni na kujibiwa. Diski zilikuwa ghali mno wakati huo. Miaka mingi mafundi walikuwa wakinunua kadi ya mtandao yenye tundu la chipu, wanaichoma chipu programu ndogo ya kuita, wanaipachika kwenye tundu kwa mkono. Kisha mwaka wa 1999 kampuni ya Intel ikatoa toleo la 2.1 la kanuni za PXE, na watengenezaji wakaanza kuiweka sauti hiyo ya kuita ndani ya kompyuta tangu kiwandani. Mwaka huo huo ulianza mradi wa LTSP, programu huru ya Linux iliyolenga hasa kuendesha darasa zima kutoka seva moja, na bado inatumika bila malipo.

Mazungumzo ya mashine na seva ni mafupi. Mashine inapaza sauti kwa kila aliye kwenye waya, ikijitambulisha kwa namba iliyopewa kadi yake kiwandani. Seva inajibu: anwani yako ni hii, na faili ya kuanzia ipo kwangu, jina lake ni hili. Mashine inaivuta faili hiyo kwa njia ya kale iitwayo TFTP, ambayo kwa kawaida hubeba baiti 512 tu kwa safari moja na kusubiri itikio kabla ya kurudi tena, kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe kutoka Mto Tana. Ndiyo maana kwa TFTP huletwa kipande kidogo cha kuanzia, kisha kipande hicho hufungua njia pana zaidi ya kuleta mfumo wote.

Kwa nini nasema haya yanatufaa sisi hasa? Anza na jua. Lile jua linalolisha mtambo wa umeme wa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019 ukiwa na uwezo wa megawati zaidi ya 50, ndilo linalozipika kompyuta zetu darasani chini ya mabati. Diski ya kawaida ni sahani ya chuma inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kikipita juu yake bila kuigusa. Iongezee joto la nyuzi 37, vumbi la Februari na stima inayokatika katikati ya kuandika. Kati ya sehemu zote nilizowahi kuzizika katika kazi hii, diski ndizo nyingi. Darasa lenye kompyuta 30 zenye diski lina vitu 30 vinavyongoja kufa. Darasa linaloamshwa na seva lina diski za seva tu, na hizo unaweza kuziweka mbili zenye nakala sawa, katika chumba chenye kivuli, na betri ya akiba kando.

Halafu kuna flashi. Mwanafunzi anatoka saiba na flashi yake, anaichomeka shuleni, na kufikia mwisho wa wiki kila mashine ina virusi. Fundi akiitwa anasafisha moja moja, siku nzima, na Jumatatu inayofuata zimeugua tena. Mashine isiyo na diski haina pa kuuhifadhi ugonjwa: ukiizima, kilichoingia kinapotea, na asubuhi inapokea upya mfumo safi kutoka seva. Tuliosoma duksi, yaani chuo cha Kurani, tunaikumbuka loho, ule ubao wa mbao unaoandikwa kwa wino wa makaa, ukihifadhi somo moyoni unauosha, na kesho unaanza na ubao mtupu. Kazi ya mwanafunzi, bila shaka, haioshwi. Inahifadhiwa kwa jina lake ndani ya seva, na akikalia mashine yoyote anaikuta.

Kuhusu stima nisiwadanganye. Kuchomoa diski katika kompyuta kubwa ya mezani hakupunguzi umeme wa maana. Faida huja unapokubali kununua mashine ndogo, kwa kuwa kazi ya kuhifadhi imehamia kwenye seva. Kompyuta ya zamani ya mezani hula wati 60 hadi 100 bila kuhesabu kioo. Mashine ndogo isiyo na diski hula kama 10 hadi 20. Zidisha mara 30. Kwa shule inayoendeshwa na paneli chache juu ya paa, hesabu hiyo ndiyo huamua kama somo litafika saa nane mchana au litaishia saa nne.

Sasa tufike kwenye mwiba wenyewe.

Shule moja, sitaitaja, ilipokea kompyuta 30 zilizotumika kutoka kwa wahisani. Walimu walifurahi, nami nilifurahi. Nikaiandaa seva usiku, nikapanga waya, asubuhi tukawasha. Kumi na moja zilikataa. Nilipojaribu kuingia kwenye mipangilio ya famwea ili niziruhusu kuita mtandaoni, zikaniuliza nywila. Ilikuwa nywila ya ofisi zilikotoka, aliyeiweka alishaondoka, na hakuna aliyeiandika popote. Ofisi hufunga mlango huo kwa sababu nzuri: mwizi asiweze kuamsha mashine kwa mfumo wake na kuiba siri. Lakini mashine ikitolewa sadaka, kufuli huja nayo. Zile za mezani nilizifungua kwa kutoa betri na kusogeza kibanio kidogo kwenye ubao. Zile za mkononi zilikuwa nne, na nywila yake hukaa ndani ya chipu isiyosahau hata ukitoa betri mwezi mzima. Nne hizo hazijaamka kwa seva hadi leo. Mtu mmoja kule zilikotoka angetumia dakika mbili kwa kila mashine kuiondoa nywila kabla ya kuifunga kwenye boksi.

Betri niliyoitaja ni ile ya duara, saizi ya sarafu ya shilingi tano, inayotunza saa ya kompyuta na, katika mashine nyingi za zamani, mipangilio ya famwea. Ikiisha, na kwa mashine ya miaka kumi hakika imeisha, kila stima ikikatika kompyuta husahau kwamba uliiambia iite mtandaoni kwanza. Inarudia desturi yake ya kiwandani na kutafuta diski ambayo haipo. Zaidi ya hayo, saa yake inarudi miaka ya nyuma, na tovuti zinaikataa kwa kuona vyeti vya usalama ambavyo, kwa saa hiyo, havijaanza hata kutumika. Nimeona maabara nzima ikilalamikiwa kwamba "seva ni mbovu" wakati dawa ilikuwa betri 30 za bei ya chai na mandazi.

Kisha kuna suala la vizazi. Kompyuta za zamani zina famwea ya aina ya bayosi. Za karibuni zina aina mpya iitwayo UEFI. Zote mbili zinaweza kuita mtandaoni, lakini hazili chakula kimoja. Faili ya kuanzia ya bayosi ukiipa UEFI inaikataa, na kinyume chake. Bahati nzuri ni kwamba mashine inapoita hutaja pia aina yake kwa namba, na seva iliyopangwa vizuri husikiliza namba hiyo kabla ya kujibu. Seva iliyopangwa kwa haraka humpa kila mgeni sahani ile ile. Tangu kompyuta za Windows 8 zilipotoka mwaka wa 2012, nyingi zina ulinzi mwingine juu ya huo: famwea hukataa faili yoyote isiyo na saini inayoitambua. Ulinzi huo ni mzuri na sipendi kuuzima ovyo. Mifumo mikubwa ya Linux ina faili zenye saini hiyo, ila lazima fundi ajue kuzichagua.

Wapo wanaopenda vikompyuta vya Raspberry Pi, na kwa bei na kwa wati wana haki. Lakini hata huko famwea ndiyo huamua. Raspberry Pi 3 ya mwaka wa 2016 ilijua kuamka kwa mtandao, lakini ilibidi uwezo huo uwashwe kwanza, na ukishawashwa hauzimiki. Raspberry Pi 4 ilipotoka Juni 2019 haikujua. Ilifundishwa baadaye, kwa kuandika upya chipu yake. Mwili ni ule ule, bodi ni ile ile, hakuna skrubu iliyofunguliwa, na mashine ikapata uwezo ambao haikuwa nao iliponunuliwa. Mfano huu hunitosha kila ninapoambiwa kwamba famwea ni jambo dogo la kiwandani lisilomhusu mnunuzi.

Tableti nazo? Serikali ilipoanza kugawa tableti kwa darasa la kwanza mwaka wa 2016 watoto wetu walizipata pia, na sina neno baya juu yake. Zina kazi yake. Lakini mfumo ukiharibika ndani ya tableti, darasa haliwezi kuiamsha kwa waya kutoka seva. Hata kompyuta nyembamba za siku hizi zisizo na tundu la kebo ya mtandao zitakupa taabu, kwa kuwa famwea nyingi haziiti kwa njia ya Wi-Fi. Utahitaji kichomeko cha nje, na famwea iwe inakitambua.

Niseme na upande wa seva, maana huko nako kuna majuto. Chukua mfumo wa megabaiti 300 kwa mashine 30: hizo ni gigabaiti tisa zinazotoka seva moja asubuhi moja. Seva ikiwa imefungwa kwenye swichi ya zamani ya megabiti 100, mgao huo utachukua si chini ya dakika kumi na mbili. Kipindi ni dakika 40. Karibu theluthi ya somo imekwenda wanafunzi wakitazama kioo. Kwa swichi ya gigabiti kazi hiyo huisha kwa dakika moja na nusu hivi. Tofauti ya bei ya swichi hizo mbili ni ndogo kuliko gharama ya safari moja ya fundi kutoka Nairobi.

Na seva moja ina mtu mmoja. Hapa ndipo hofu yangu kubwa ilipo. Mwaka wa 2014 baada ya shambulio la basi kule Mandera, na tena mwaka wa 2020 baada ya walimu kuuawa Kamuthe, hapa kaunti ya Garissa, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka kaunti zetu tatu za Garissa, Wajir na Mandera. Shule zilibaki na vyumba vyenye mashine na hakuna anayejua kuziwasha. Maabara ya seva moja ikimpoteza mwenye ufunguo inalala yote kwa siku moja, mashine 30 kwa pamoja. Kwa hiyo sitaki kumsikia mtu akijenga maabara kama hii bila daftari lililoandikwa kwa mkono, lililofungwa kwa kamba kwenye meza ya seva, lenye kila nywila na kila hatua. Na sitaki ufundi huu ukae kwa mgeni peke yake. Tuna vijana North Eastern National Polytechnic pale Garissa, wazaliwa wa Ijara, Balambala na Lagdera, wasiohitaji uhamisho kwenda popote. Wiki mbili za mafunzo zinawatosha kuisimamisha seva ya LTSP na kuisoma ile mistari myeupe kwenye kioo cheusi kama barua kutoka kwa jamaa.

Ninaowaomba leo ni wale wanaotia saini. Walimu wakuu, kamati za hazina ya maeneo bunge, maafisa wa elimu wa kaunti, na ndugu zetu wa Eastleigh, Minneapolis na Toronto wanaotuchangia kontena. Kila karatasi ya zabuni niliyowahi kuisoma inataja ukubwa wa diski, ukubwa wa kumbukumbu na rangi ya kioo. Ongezeni mistari mitatu tu. Famwea iweze kuamsha mashine kwa mtandao, na uwezo huo uwe umewashwa. Nywila ya famwea iwe imeondolewa. Betri ya saa iwe mpya.

Na mzigo ukifika, msihesabu maboksi peke yake. Chagua mashine yoyote, chomoa waya wa diski, chomeka kebo ya mtandao, washa, na usubiri dakika moja. Ikiita, pokea. Isipoita, na fundi wako akashindwa kuifunza kupiga magoti hapo hapo, irudishwe kabla lori halijavuka daraja la Tana.